Beseni ya Tatu

Mlolongo, 7 Septemba 1997

Shemeji Peris,

Mimi niko. Kazi iko. Mawe hayaishi.

Nakuandikia juu ya Mbinya. Wewe ni mwalimu wa mambo ya wanyama, na wewe ni dada ya marehemu mama yake. Kwa hivyo utaniambia ukweli mara mbili.

Nilienda Masinga kwa mama yenu wiki iliyopita. Mtoto yuko vile vile. Ako na miaka kumi na nne na watu wanamwekea nane. Anakaa juani na sweta. Ukimuuliza kitu asubuhi anajibu saa sita. Viatu nilimnunulia siku tukizika mama yake Ndinda, miaka tatu sasa, bado inamtosha. Nilishika hiyo viatu nikatafuta mahali imeisha. Haijaisha. Hata soli.

Daktari kule Nairobi alisema ni tezi ya shingo, haifanyi kazi. Akaandika dawa, tembe moja kila asubuhi. Nikamuuliza mpaka lini. Akasema maisha yake yote. Nilitoka nje nikakaa kwa ngazi.

Tangu Julai anameza. Mimi sioni kitu. Majirani wanasema mtoto alifungwa kwa kaburi ya mama yake, na kuna mganga mzee huko Kitui anaweza kufungua. Mama yenu, huyo mtoto anaita Susu, hasemi. Unajua mimi na yeye hatuwezi kuongea. Akiniona anapita nyuma ya jikoni, na mimi naangalia mbuzi. Nthoni ni nthoni, mkwe anaheshimu mkwe kwa kukaa mbali. Hata chai yangu inaletwa na mtoto. Kwa hivyo sijui mama anafikiria nini.

Hii dawa inafanya kazi ama hapana? Sema.

Masila


Machakos, 16 Septemba 1997

Shemeji Masila,

Barua yako nimeipata. Salamu zangu nimezitafuta ndani sikuziona, lakini nakujua.

Inafanya kazi. Ngoja nikueleze vile nawaeleza Form Four.

Likizo ya Agosti, Mbinya akiwa kwangu na Form Four wamebaki kwa masomo ya ziada, nilikuwa na mabeseni kwenye maabara ya shule. Ndani ni viluwiluwi, wale watoto wa chura wenye mkia. Tuliwatoa kwa dimbwi nyuma ya tangi. Kiluwiluwi hana mguu, anapumua kama samaki, anakula majani ya kijani. Siku moja mwili wake mwenyewe unatoa kitu kidogo sana kutoka shingoni, na hicho kitu kinapita na damu kikiambia kila mahali: mguu, ota, mkia, isha, utumbo, jifupishe. Ndiyo tunaita homoni.

Beseni ya kwanza niliweka dawa ya kuzuia hiyo shingo. Hao hawakuwa vyura. Walinenepa tu, viluwiluwi wakubwa kama kidole gumba, wenzao wa dimbwini wamesharuka. Beseni ya pili niliweka kidogo ya dawa ile ile ya Mbinya, mtu wa famasi alinipa zilizopita tarehe. Hao walitoa miguu mbele ya wote.

Hiyo ndiyo shida ya Mbinya. Hajafungwa na mtu. Shingo yake haijatoa neno.

Na hii si ya chura peke yake. Kitu ni kile kile kwa chura, kwa samaki, kwa mtoto wa binadamu. Kuna samaki anazaliwa na jicho kila upande, halafu homoni hiyo inahamisha jicho moja mpaka yote mawili yanakaa upande mmoja, apate kulala kwenye mchanga akiangalia juu. Kuna kiumbe mwingine wa baharini, mwembamba, mrefu kama kidole cha mtoto, hana hata mfupa mmoja. Naye ana kamfereji kooni kanakokusanya ile madini ya chumvi ambayo homoni inatengenezwa nayo. Wataalamu wanasema kamfereji kama hako ndiko kalikuja kuwa tezi ya shingo zetu. Maana yake hii amri ni ya zamani kuliko miguu, kuliko mifupa. Wanyama walipoachana njia kila mmoja alibeba amri yake akaipa kazi. Chura akaipeleka kwa mkia. Sisi tukaipeleka kwa mifupa na akili.

Mbinya alikaa kando ya hayo mabeseni likizo yote. Siku moja akaniuliza, "Anti, hawa wa kwanza wamekataa ama wamesahauliwa?" Shemeji, huyo mtoto wa kujibu saa sita, aliuliza. Hakuulizwa. Ona hilo.

Ngoja. Na usiende Kitui.

Peris


Mlolongo, 5 Oktoba 1997

Shemeji,

Salamu. Usiseme tena sikutuma.

Nimesoma barua yako mpaka karatasi imelegea. Hapo kwa beseni ya pili nimeelewa kabisa.

Mimi ni mtu wa baruti. Tunatoboa mwamba, tunapima, tunaweka, tunakimbia. Kuna siku mwamba unakataa. Unalia, unatoa vumbi, unabaki pale. Hapo hatungoji mwamba ufikirie. Tunaongeza.

Daktari aliweka kidogo kwa sababu hajui huyu mtoto amechelewa namna gani. Nimenunua ingine kwa duka ya dawa hapa Athi River, jamaa hakuuliza mengi. Nilimpatia Gikonyo, yule dereva wa lori ya mchanga anapanda Masinga. Nikamwambia aambie mama yenu kwa mdomo: isiwe moja, iwe tatu. Kila asubuhi tatu. Mbinya anasoma kidogo, ningeandika angeona aogope. Gikonyo amerudi. Anasema mama alichukua, akasema sawa, akaingia nyumba.

Krismasi nitaenda nione mguu.

Lakini kitu moja inanisumbua. Hii ya kumeza maisha yote. Mtu mzima mwili wake unajitegemea. Huyu wangu atakuwa mtu wa kuomba kila asubuhi? Unijibu hiyo.

Masila


Machakos, 21 Oktoba 1997

Shemeji,

Sina salamu leo. Barua yako ililala posta na mvua, nimeipata leo saa nne.

Rudisha mtoto kwa moja. Leo. Usingoje kesho.

Kulikuwa na beseni ya tatu. Sikukuandikia. Hiyo niliweka dawa nyingi, wanafunzi waone itakuwaje. Waliharakisha, ndiyo. Mkia uliisha kabla miguu haijatosha kuogelea. Mdomo ukageuka kuwa wa kula wadudu, utumbo bado ni wa kula majani. Kila kiungo kilisikia amri wakati mmoja, hakuna kilichongojea kingine. Wakawa vitu vidogo kama mbegu ya chungwa, si chura, si kiluwiluwi. Halafu asubuhi moja nikawakuta wote wanaelea.

Binadamu hawezi kuyeyuka hivyo. Lakini moyo wa mtoto aliyekaa na baridi miaka hii yote umezoea kwenda polepole. Ukiuchapa ghafla utakimbia mpaka uchoke. Ndiyo sababu daktari alianza chini. Mwili si mwamba, Masila. Hatutaki upasuke.

Nimeenda stendi nipande gari ya Masinga. Wamesema drifti ya kuvukia mto imebebwa na maji, hata trekta haipiti. Simu ya chifu imekufa. Tafuta Gikonyo. Tafuta mtu yeyote.

Peris


Mlolongo, 9 Novemba 1997

Peris,

Barua yako ilichelewa na mimi sikungoja hata kuikunja.

Gikonyo yuko hapa karibu na mizani ya malori. Lori haitoki, huko kwa kuchota mchanga matajiri wenye malori wamesimamisha kila kitu. Nilipanda gari mpaka mahali lami inaisha, halafu nikatembea. Nililala kwa kanisa moja, mama fulani akanipa uji. Nikafika mtoni.

Hiyo si mto tena. Redio inaita Elinino. Mimi naona ni shamba ya maji inatembea. Ilipita na mti mzima, na kuku juu yake amekaa kama abiria. Ng'ambo watu walikuwa wamejaa wanaangalia maji. Nikaona leso ya manjano, ile ulimpatia mama yenu. Nikamwita.

Ndiyo. Nilimwita mama mkwe wangu kwa sauti mbele ya watu. Akageuka akanipa mgongo, vile inafaa. Sasa mimi nikapigia huo mgongo kelele. "Mama, moja! Mpe moja!" Maji inanguruma. Nikainua kidole moja juu aone, na yeye hawezi kuniangalia. Vijana wa ng'ambo wakacheka, wakaniinulia vidole mbili na nyimbo. Walidhani nimekuja na kampeni ya chama ya kidole moja, na wao ni wa upinzani, wa mbili, si unajua kura ni mwezi ujao. Nikabaki hapo na kidole yangu. Nikiangalia tena, leso haiko.

Sijui kama alisikia.

Kila asubuhi nikiwasha jiko najua saa hii anampatia. Ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Nyapara amenitoa kwa baruti ameniweka kubeba kokoto. Anasema macho yangu haiko hapa. Sijabishana.

Nauliza kitu moja. Kwa nini hukuniandikia hiyo beseni?

Masila


Machakos, 20 Novemba 1997

Shemeji,

Kwa sababu ulikuwa unaogopa. Niliona nikikuambia hiyo dawa inaweza kuua, utaikatiza na kumpeleka mtoto Kitui. Nikakupa mabeseni mawili ya kukutuliza. Wanafunzi wangu, watoto wa watu, niliwapa yote matatu. Wewe nikakukatia.

Sina habari. Nimeuliza kila mtu anayetoka upande ule, na hakuna anayetoka upande ule. Vyura wameingia mpaka kwa korido ya walimu. Wasichana wanaruka wakipiga mayowe. Mimi siwezi kuwaangalia hao vyura.

Uliniuliza juu ya kuomba kila asubuhi. Nitakujibu, kwa maana nikikaa bure nawaza mto tu.

Kuna mnyama wa miiba anakaa chini ya bahari, yule watu wa Mombasa wakimkanyaga wanachechemea wiki nzima. Akiwa mchanga hana miiba, anaelea tu majini, unaona mpaka ndani yake. Ili awe mkubwa anahitaji kitu kama hii homoni yetu, na kuna watafiti wameona anaipata kwa chakula. Iko ndani ya mimea midogo ya baharini. Anakula, anakula, na ikitosha inamwambia: sasa badilika. Mhadhiri mmoja alitueleza kwenye semina. Akasema wengine wanafikiri hata kwa mababu zetu wa kale ilianza hivyo. Mwanzo ilikuwa ni chakula. Mnyama alishiba, na shibe ikawa habari kwamba kuna kitu cha kutosha, unaweza kuwa mkubwa. Baadaye sana ndiyo mwili ukajifunza kujitengenezea, usitegemee nje. Bado wanabishana. Lakini mimi nimeishikilia.

Kwa hivyo Mbinya haombi. Anafanya vile huenda wa kwanza walifanya, anakula. Sisi wengine tuliacha kula tukaanza kujipikia shingoni.

Kama yuko.

Nisamehe huo mstari. Ni kalamu ya wino, haufutiki.

Peris


Masinga, 14 Desemba 1997

Kwa Baba,

Hujambo Baba. Mimi Mbinya sijambo. Susu hajambo. Mbuzi mmoja alienda na maji, yule mweupe. Gikonyo amefika leo. Lori ameacha ng'ambo, amevuka kwa miguu na viatu amefunga shingoni. Susu amempa ugali na anasema akimaliza anaenda, kwa hivyo naandika haraka. Anakula haraka pia.

Anasema umekonda na unauliza kila dereva kama mimi niko. Niko.

Anasema niandike juu ya dawa. Siku za kwanza Susu alinipa tatu, nikameza. Moyo ukaanza kwenda kama mashine ya posho. Nilikuwa natoka jasho na kuna mvua. Mkono ulikuwa unacheza peke yake, nikamwaga uji. Silali. Nikachapa mbuzi na sikuwa nataka kumchapa. Nikajua hii ni beseni ya tatu.

Baba, hiyo beseni ni mimi nilitumwa kuimwaga. Anti alisema nimwage nyuma ya maabara, wanafunzi walikuwa wameshaona. Sikumwaga. Nilichimba nikawazika, walikuwa na mikono midogo. Nikamuuliza Anti hawa walifanya nini. Akasema hawakufanya kitu, waliharakishwa.

Sikumwambia Susu kwa sababu tatu ilikuwa neno lako. Nilikuwa nameza moja, zile mbili nabana hivi chini ya kidole gumba, halafu naweka kwa kiberiti, kiberiti naficha kwa paa. Nilidhani Susu haoni.

Jana nimemwambia. Alicheka mpaka akatafuta kiti. Akasema, "Nilikuwa naona huo mkono kila asubuhi. Ningefanya nini? Neno la mkwe siwezi kukataa. Lakini mkono wako si wa mkwe."

Na anasema siku ile ya mto alisikia. Alisikia moja, na kuanzia kesho yake akaacha kunipa tatu. Alisikia pia vile ulimwita mama mbele ya watu wote. Alirudi nyumbani akafunga mlango na hakupika. Anasema nikuambie usirudie. Lakini Baba, leso ile ya manjano sasa haivai shambani, anaiweka ya kanisa.

Dawa ya hospitali iliisha na barabara haiko. Nakula ya kiberiti, moja moja. Bado zimebaki.

Sivai sweta mchana. Susu namsomea Biblia na siweki kidole kwa mstari.

Gikonyo amenawa mikono. Kuna kitu ingine, sikuwa nataka kusema kwa sababu ni wewe ulininunulia. Viatu vinaniuma. Cha kulia nimekata mbele na kisu kidole kitoke. Usikasirike.

Mbinya


Mlolongo, 17 Desemba 1997

Mbinya,

Sijakasirika.

Hapo kwa viatu nilimpa Gikonyo asome yeye. Akasoma tena. Wanaume wa hapa wamedhani nimefiwa, nikawaambia hapana, ni viatu. Wakaniangalia.

Anti yako nimemwandikia. Nimemwambia uko. Sikuandika kitu ingine, hiyo ilijaza karatasi.

Januari tunaenda kwa daktari, wewe na mimi. Yeye ndiye ataangalia na yeye ndiye ataongeza kama anaongeza. Mimi siongezi kitu tena kwa mtu. Hata chumvi.

Ambia Susu. Hapana, usimwambie kitu. Nikija umpatie chai yeye kwanza, halafu mimi, na mimi nitaangalia mbuzi wenye wamebaki.

Chora mguu kwa karatasi. Yote mbili. Mpatie Gikonyo.

Baba yako


Masinga, 20 Desemba 1997

Kwa Baba,

Nimechora huko nyuma ya karatasi. Penseli alishika Susu, mimi nikasimama, kwa sababu nikijichorea nainama na mguu unatoka mbaya. Wa kushoto umepita wa kulia kidogo. Susu anasema ni hivyo kwa watu wote, hata yeye.

Hiyo alama ya matope ni ya kuku, si yangu.

Susu anasema yeye haongei na wewe, ni mimi naongea. Kwa hivyo ni mimi nasema. Usinunue vya kunitosha. Acha nafasi ya kidole moja mbele.

Mbinya